Pete Mbili za Mbao

Ukimtajia mtu darubini, anafikiria kioo. Anaona bomba refu na mtu aliyefumba jicho moja. Pete hazimjii kichwani. Lakini darubini bila pete ni bomba tu, na bomba lililolala chini halionyeshi nyota yoyote. Pete ndizo zinazolikumbatia bomba na kulifunga kwenye mguu wake, ili ukilielekeza mahali libaki pale pale.

Ninataka kueleza habari za pete mbili tulizotengeneza hapa Kakuma mwanzoni mwa 2025, kwa plaiwudi, bawaba na kipande cha blanketi. Ninaandika kwa ajili ya watu wa aina mbili. Wa kwanza ni ndugu aliye kambi hii au nyingine, mwenye bomba kama letu limelala stoo. Wa pili ni ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaosoma jarida hili, kwa sababu ninyi ndio mnaojaza zile fomu za vifaa.

Bomba letu lilikuja kama msaada kwa shule moja ya sekondari ya hapa. Ndani ya boksi kulikuwa na darubini yenye kioo cha milimita 114, na lenzi mbili za kuwekea jicho, moja ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10. Kioo kizima, bomba zima, hata kifuniko kilikuwepo. Mguu haukuwepo, na pete hazikuwepo. Zilibaki wapi, njiani au huko zilikotoka, hakuna aliyejua. Mwalimu wa fizikia, ambaye ni mkimbizi kama siye na analipwa insentivu, aliulizia. Akajibiwa hakuna bajeti ya vipuri. Bomba likapandishwa juu ya kabati, likakaa miaka mitatu. Halafu likaandikwa kwenye orodha ya vitu vilivyoharibika, vya kuchukuliwa mwisho wa muhula.

Mwalimu neno hilo lilimuuma. "Fundi," aliniambia, "hii haikuharibika. Imekosa tu mahali pa kushikwa."

Mimi ni seremala. Nilizaliwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, na hapa kambini ninatengeneza vitanda, milango, na majeneza pia. Lakini siku ile mwalimu hakuja kwangu kwa sababu ya useremala. Alikuja kumwulizia mtoto.

Mtoto huyo ni wa marehemu kaka yangu, kwa hiyo ni mtoto wangu. Ana miaka kumi na sita na mimi ananiita baba mdogo. Januari hiyo familia yetu ilikuwa na tarehe ya kusafiri. Vipimo vya afya tulimaliza, mafunzo ya safari tulimaliza, tulikuwa tunahesabu siku. Tukafanya kama kila familia inavyofanya: tukauza. Godoro likaenda, sufuria kubwa ikaenda, na mimi nikauza randa yangu na jiliwa. Mtoto akagawa sare yake ya shule kwa kijana wa darasa la chini, tena akiwa na furaha. Kisha safari zote za wakimbizi kwenda Marekani zikasimamishwa. Wiki ile hakuna mtu wa kambi hii anayehitaji kusimuliwa. Kuna waliokuwa wameshafunga mabegi, kuna waliokuwa wameshaaga.

Mtoto alilala chini akaacha shule. Ukimwuliza, anakujibu neno moja: "Sare nimeshagawa."

Mwalimu alikaa naye chini ya mwarobaini wetu, hakumgombeza. Alizungumza juu ya mambo mengine, na mwisho akataja lile bomba. Akaniuliza mimi, lakini sauti aliipandisha ili mtoto asikie: je, mbao inaweza kushika kitu cha duara bila kukiumiza? Nikamjibu kwamba inaweza, ila vifaa vyangu vingi nimeuza. Nimebaki na msumeno wa chuma, tupa mbili, nyundo na patasi. Akasema basi tuanze na hivyo.

Sasa nieleze kwa nini kushika ni kazi kubwa namna hiyo. Darubini yetu ina urefu wa mwanga wa milimita 900. Ukigawa kwa 25 ya lenzi ile, unapata 36. Maana yake inakuza mara 36. Lakini haikuzi Mwezi peke yake, inakuza na mtetemeko pia. Mkono ukicheza kidogo tu, picha nayo inacheza mara 36. Tena mahali unapoona ni padogo: kwa lenzi hiyo, ukipanga Miezi mitatu mstari mmoja, haitoshi kuingia yote. Na dunia inazunguka. Nyota inaingia upande mmoja wa lenzi na kutoka upande wa pili kwa dakika tano na ushee. Kwa hiyo bomba linatakiwa litulie kabisa, halafu lisogee pole pole ukilisukuma kwa kidole. Tulijaribu kwanza kulifunga kwa kamba juu ya kiti, ili mtoto aone mwenyewe. Aliangalia taa ya mnara wa simu kwa mbali. "Baba mdogo, iko inaruka kama nzige," akasema. Hilo lilikuwa sentensi yake ndefu ya kwanza kwa siku nyingi.

Mwalimu alikuwa na kijitabu cha maelezo kilichobaki kwenye boksi. Kinaonyesha mguu wa asili, wenye mhimili unaotakiwa kuinamishwa kulingana na umbali wenu kutoka ikweta. Mtu wa London anauinamisha nyuzi 51 hivi. Siye wa Kakuma hatufiki nyuzi 4. Mhimili ungelala karibu chini kabisa, na ule uzito wa kusawazisha ungegonga miguu. Kwa hiyo hata mguu ule ungefika, ungetusumbua. Tukaamua kutengeneza wetu, wa aina nyepesi zaidi: sanduku la mbao linalozunguka chini, na bomba linaloinuka na kushuka ndani yake.

Mguu wa aina hiyo unaitwa kwa jina la John Dobson. Alizaliwa Beijing mwaka 1915, akawa mtawa San Francisco, akatengeneza darubini kwa vitu vilivyotupwa. Mwaka 1968 yeye na wenzake walianza kusimamisha darubini zao barabarani ili mpita njia yeyote aangalie bure. Alifariki 2014. Nilipomsimulia mtoto habari hizi, aliuliza kama huyo mzee alikuwa mkimbizi. Hapana, nikamwambia, alikuwa mtu asiye na pesa tu.

Kazi ilianza na kamba. Ukitaka kujua unene wa kitu cha duara, usibandike futi juu yake ukakisia. Zungusha kamba, weka alama, kisha pima kamba. Yetu ilitoa sentimita 44. Zidisha kwa 7, gawa kwa 22, unapata 14. Bomba ni sentimita 14 kamili kwa upana. Hesabu hiyo mtoto aliifanya mchangani kwa kijiti, kabla mimi sijapata penseli.

Halafu tukaongeza nafasi ya kitambaa. Mbao tupu ingekwangua rangi na ingeteleza. Mtoto alitaka mpira wa ndani wa baiskeli, kwa sababu unashika vizuri. Nikamweleza kwamba kwa joto la hapa mpira unanata kwenye rangi, na sisi tunataka bomba lishikwe lakini liweze kuzungushwa. Darubini ya namna hii jicho linawekwa ubavuni, karibu na mdomo wa bomba. Mtoto mfupi akija, unalegeza pete, unazungusha bomba, jicho linashuka kwake. Kitambaa kizito ndicho kinachoruhusu hivyo.

Kitambaa kizito tulichokuwa nacho ni lile blanketi la kijivu. Wote mnalifahamu, ndilo ulilopewa siku ya kwanza ulipopokelewa. Letu ni la mwaka tulioingia, limechakaa katikati lakini pembeni bado lina unene. Hatukuwa tumeliuza maana halina mnunuzi. Nikakata ukanda wa pembeni, upana wa vidole viwili. Likibanwa linabaki milimita 3, kila upande. Kwa hiyo tundu la pete likawa sentimita 14.6, na nusu yake ni 7.3.

Plaiwudi ilikuwa ya milimita 18. Vipande vinne vya mraba, sentimita 22 kila upande. Viwili viwili tukaviunganisha kwa gundi ya mbao na kuviwekea mawe juu usiku kucha, kwa sababu jiliwa ya kubania sikuwa nayo tena. Asubuhi tukawa na miraba miwili yenye unene wa milimita 36. Tuliacha nje iwe mraba kwa makusudi. Pete inapaswa kuwa duara ndani tu. Nje ukiwa na upande ulionyooka, unapata mahali pa kupiga skrubu.

Kuchora duara hakukutaka bikari. Kijiti, msumari katikati, penseli kwenye sentimita 7.3, zungusha. Kukata ndiko kulikokuwa na jasho. Msumeno wa duara hatuna. Tukakodi drili kwa fundi wa kuchomelea, ndugu mmoja wa Sudan Kusini aliye na jenereta, tukatoboa matundu yaliyofuatana ndani ya mstari wote. Kisha tukatoa jino la msumeno wa chuma kwenye fremu yake, tukalifunga kitambaa upande wa mkono, tukakata kutoka tundu hadi tundu. Katikati ikadondoka. Ikabaki duara yenye meno meno kama ya mamba. Hapo ndipo nilipompa mtoto tupa.

Alipiga tupa siku tatu. Sikumwambia aharakishe. Alikuwa anaanza asubuhi kabla jua halijawa kali, anapumzika saa tano, anarudi jioni. Kila mara anachukua bomba, analijaribu, anatazama wapi mwanga unapita. Alipomaliza na tupa akaviringisha msasa kwenye chupa, akalainisha. Mama jirani, Mrundi, alipita akauliza kwa nini tunatengeneza madirisha ya duara. Mtoto akamjibu mwenyewe. Mimi nilinyamaza.

Baada ya hapo tukaikata kila pete vipande viwili, katikati kabisa. Watu wengine huogopa hatua hii, kwa sababu umeshapata duara nzuri halafu unaipasua. Lakini msumeno unakula kama milimita moja ya mbao, na huo mwanya mdogo ndio unaoruhusu pete kubana. Upande mmoja tukafunga bawaba ndogo ya dirisha. Upande wa pili bolti ndefu na nati yenye masikio mawili, ile ya kukaza kwa vidole. Vyote tulivipata duka la vifaa, soko la Wasomali. Usitumie spana hapa. Bomba ni bati jembamba, ukikaza kwa nguvu linabonyea. Kaza mpaka lisiteleze kwenda mbele na nyuma, lakini mkono bado uweze kulizungusha.

Kwa nini pete mbili? Pete moja inashika, ila bomba linachezacheza kama kichwa cha mjusi. Mbili zilizoachana zinalituliza. Weka lenzi mahali pake kwanza, kisha lilaze bomba juu ya mkono mpaka upate sehemu ambapo haliinami mbele wala nyuma. Hapo ndipo katikati. Pete moja iende huku, nyingine kule, kwa umbali sawa. Sisi tuliziachanisha sentimita 30.

Pete zote mbili tukaziunganisha kwa mbao mbili za pembeni. Kwenye mbao hizo, usawa wa katikati, tukafunga vipande viwili vya bomba la maji la plastiki la inchi 4, kama masikio. Masikio yanakaa kwenye sanduku lililochongwa nusu duara kila upande. Sanduku nalo linazunguka juu ya ubao mwingine, kwa bolti moja katikati. Kati ya ubao na sanduku tuliweka vipande vitatu vya jerikani iliyopasuka, kwa sababu plastiki ile inateleza taratibu bila kushtuka.

Jaribio letu la mwisho lilikuwa rahisi. Elekeza kwenye taa ya mbali, gonga bomba kwa kidole, hesabu mpaka picha itulie. Kwenye kiti na kamba haikutulia kabisa. Kwenye pete: moja, mbili, basi.

Jambo moja lazima niliandike hapa kwa uzito. Darubini usielekeze kwenye jua, hata kwa sekunde. Inaweza kulipofua jicho pale pale, na jicho halirudi. Kambi yetu ina watoto kila kona na jua halina likizo. Kwa hiyo tulitengeneza kifuniko cha mbao chenye komeo, na mchana bomba linalala ndani, limefungwa. Asiyeweza kulitunza hivyo, ni afadhali aache.

Wiki ya kwanza ya Februari tulibeba vyote mpaka kiwanja cha shule. Tarehe 6, Alhamisi, Mwezi ulikuwa umepita nusu kidogo na ulikuwa juu karibu na Mshtarii. Zuhura iliwaka magharibi. Vumbi la mchana lilikuwa limeshatulia. Wanafunzi walikuja, na wadogo zao, na wazazi, hata askari wa zamu. Tulianza na Zuhura. Mtoto wa kwanza kuangalia alipiga kelele kwamba tumemdanganya, huu ni mwezi mwandamo! Kumbe Zuhura nayo ina sura kama za Mwezi, na wakati ule tulikuwa tunaona chini ya nusu yake iliyoangazwa. Galileo naye aliliona jambo hilo zaidi ya miaka 400 iliyopita. Kisha Mshtarii, yenye nukta ndogo zilizopangwa mstari ubavuni mwake. Ni miezi yake, ile ile ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Kisha Mwezi wetu wenyewe, na mashimo yake.

Mwanangu ndiye aliyesimama kwenye pete. Mtu mrefu akija, analegeza, anazungusha, anakaza. Mtoto mfupi akija, vile vile. Kila dakika chache anasukuma kwa kidole kurudisha Mshtarii katikati. Sikumsikia akihutubia. Nilimsikia akisema tu: "Usiguse bomba, weka jicho karibu, subiri itulie."

Bibi mmoja wa kutoka kwetu Kivu aliangalia Mwezi kwa muda mrefu mpaka waliokuwa nyuma wakalalamika. Alipotoka akaniambia kwamba kule ziwani mume wake alikuwa mvuvi wa ndagala, na Mwezi ukiwa mkubwa hawakwendi kazini, maana taa zao hazivuti samaki. "Miaka yote ile nilikuwa naupenda kwa sababu ulimleta alale nyumbani," akasema. "Sikujua una makovu."

Sitawaambia kwamba darubini ilimponya mtoto. Bado kuna usiku halali, na mimi pia. Mgao umepungua, safari hatujui, na randa yangu yuko nayo mtu mwingine anayeifanyia kazi, Mungu ambariki. Lakini katikati ya Februari alirudi darasani. Alikwenda na suruali ya kawaida, na mwalimu akamruhusu. Kila Alhamisi kukiwa hakuna mawingu ndiye anayefungua komeo. Bomba limefutwa kwenye ile orodha.

Juzi nilikuwa nakaza bawaba iliyolegea, nikakuta maandishi ya penseli upande wa chini wa pete, pale pasipoonekana. Mkono ni wake. Ameandika: kamba 44, bomba 14, tundu 14.6, mbao 18 mara mbili, blanketi 3. Nikamwuliza ni ya nini, wakati vipimo vyote anavyo kichwani. Akasema, "Baba mdogo, tukiondoka, atakayebaki asianze upya. Na tusipoondoka, tutatengeneza nyingine kwa shule ya Kakuma 3."

Basi vipimo ni hivyo, ndugu msomaji. Bomba lako likiwa na unene mwingine, anza na kamba, zidisha kwa 7, gawa kwa 22, ongeza blanketi. Na wewe unayejaza fomu za vifaa, kabla hujaandika kwamba kitu kimeharibika, tafadhali pita kwanza kwa mafundi wa bloku hiyo. Uliza nani anaweza kutengeneza cha kukishikia. Sisi tunapatikana chini ya mwarobaini, na tupa tunazo.